Pole ya Mkalimani

Kwa Mkalimani haipigwi hodi. Hilo ndilo la mwanzo ulilotakiwa kulijua, na ukilikosea hilo, mengine hukuambiwa. Sharti upige simu, useme unakuja siku gani, saa ngapi, na kwa shughuli gani. Ukifika kabla ya saa yako alikuacha nje na baridi yako, nawe unamuona dirishani kakaa anasoma gazeti. Siye tulikuwa watu wa kuingia nyumba ya mtu na bakuli mkononi, tunaita hodi na mguu mmoja ushapita kizingiti. Tukamuona ana kiburi. Yeye akisema si kiburi, ni mazoezi. Mkishindwa kuingia kwangu mie mwenzenu, ofisini kwa Mwingereza mtaingiaje?

Jina lake nalijua na sitolitaja. Waswahili wa Landani, kuanzia siye wa Tottenham mpaka Wahindi wetu wa Kenton waliozaliwa Unguja na Mombasa, walimwita Mkalimani, na mwenyewe akiitika. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kaunsili ya mji ilimwita, hospitali zilimwita, skuli na mahakama zilimwita, popote Mswahili alipokaa meza moja na Mwingereza na wasisikilizane. Kwetu Unguja alikuwa karani wa serikali, akatoka baada ya Mapinduzi kama walivyotoka wengine. Hadithi hiyo kila nyumba inayo, na wako wanaoisimulia vizuri kuliko mie, kwa hivyo naiacha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote hata mwezi wa Julai watu wanapotembea vifua wazi. Alikuwa na sauti mbili. Ya Kiswahili ilitoka kifuani, nzito, na ya Kiingereza ilitoka puani. Mama yangu akisema Mkalimani ana ndugu yake pacha kamficha ndani ya pua, na simu ikilia ndiye anayepokea. Siku hizo mama alikuwa bado anamcheka kwa mapenzi.

Kila Jumamosi alikuwa na darsa yake. Si darsa ya dini. Ya dini ilikuwa na wenyewe. Yake ilikuwa ya Waingereza. Waliofika karibuni kutoka Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, na waliozungukia Arabuni kwanza, walikaa chumbani kwake kwa mpango, viatu wamevua, kwa sababu zulia lilikuwa mali ya mkewe, na yeye akasimama mbele kuwaeleza watu ambao tunaishi nao ukuta kwa ukuta wala hatuwajui. Mie na mama tulikwenda darsa hiyo majira mazima ya baridi ya mwanzo. Mie nilikuwa mtu mzima tayari, nimesoma Dar, Kiingereza nakijua. Lakini kujua Kiingereza na kumjua Mwingereza ni vitu viwili, na hilo namshukuru yeye kunifunza.

Chukua salamu. Mama aliulizwa hali na mwanamke wa posta, njiani. Mama akatua mfuko chini, akashukuru Mungu, akaanza na magoti yake, akaingia kwa dada yake wa Mombasa aliyepasuliwa jicho, na alipoinua uso kumuuliza mwenziwe hali za kwake, yule mwanamke keshafika pembeni kwenye taa za barabarani. Akarudi nyumbani kavunjika moyo, anauliza kamkosea nini. Mkalimani akamwambia hakumkosea kitu. Mwingereza akikuuliza hali hakuulizi hali, anapiga honi, maana yake nimekuona, tupishane salama. Nawe piga yako, upite.

Au chukua ile ya njoo siku moja tunywe chai. Tulikuwa na jirani akimwambia mama kila wakionana, lazima uje siku moja. Mama mwisho akaenda. Kapika mkate wa ufuta, kavaa, kagonga. Yule bibi kafungua mlango nusu, uso umemshuka, anamuuliza kuna tatizo gani. Tulipompelekea Mkalimani kesi hiyo alicheka mpaka akafungua kifungo kimoja cha koti. Akatuuliza, nyie kwenu mtu akipita mnakula, mnamwambiaje? Tukasema tunamwambia karibu. Naye anajibuje? Anajibu starehe, anapita zake. Basi, akasema, chai ya Mwingereza ndiyo karibu yenu, na mmeshindwa kujibu starehe. Hapo nilimvulia kofia, maana ni kweli, na mpaka leo nikialikwa hivyo moyoni najibu starehe.

Alipotukasirikia kweli ni pale alipokufa mzee wa ghorofa ya chini. Hatukujua kama amekufa. Tulijua siku lilipokuja lori kuchukua makochi yake. Mama alilia kwa haya, kwamba jirani kafa na sisi huku juu tunakaanga mihogo. Akapika sufuria la wali akalipeleka kwa mtoto wa marehemu aliyekuja kufunga nyumba, naye akamuuliza ni bei gani. Mama hakuelewa, akamtilia sufuria mikononi, akashika mikono yake yote miwili akasema sori, sori. Mkalimani alipolisikia alisema wali haukuwa na maana na kushikana mikono kulikuwa kosa kubwa, lakini sori, alisema, sori hiyo ilikuwa sawasawa.

Maana sori ndiyo iliyokuwa somo lake kubwa. Mengine aliyapitia, hili alilichimba. Akitwambia nyie mmekuja na maneno mengi ya bure, hapa neno ni moja. Pole ni sori. Samahani ni sori. Nipishe ni sori, hujasikia ni sori, umemkanyaga mtu ni sori, mtu kakukanyaga wewe, sori vilevile. Tena hakutosheka kutwambia. Akitupanga kwenye ukumbi wake mwembamba wa mlangoni, tunapita mmoja mmoja, naye anakuja kwa mbele anatugonga bega kwa makusudi au anatukanyaga kidole, na anayesema "aa!" au "we vipi" alirudishwa mwanzo. Ulipita siku ulipoisema kabla hujafikiri. Wanawake wazima na mabuibui yao wakipigwa vikumbo na wanashukuru. Mama yangu alikuwa mwanafunzi wake bora. Alifika hadi akawa anaisema kwa mlango wa basi, kwa kabati, kwa paka wa watu. Mkalimani akimtoa mbele kama mfano.

Nisimpunje. Mtu huyu aliwahi kukaa hospitali kutwa nzima nje ya pazia, kafumba macho ingawa pazia lenyewe lilikuwa limefungwa, anafasiri uchungu wa mwanamke wa Kipemba ambaye mumewe yuko melini. Mtoto akazaliwa mzima. Walipotaka kumpa mkono wa asante akawaambia kashalipwa na hospitali. Na maiti zetu, wallahi, zilizikwa kwa wakati kwa ulimi wake. Daktari akitaka kumzuia maiti wiki mbili kwa karatasi zake, Mkalimani alikwenda na lile koti, akazungumza kwa pua, jioni maiti katoka. Mambo hayo hayasahauliki, na ndiyo maana watu walishindwa kumsema alipostahili kusemwa.

Alikuwa na mambo mawili mawili. Akitukataza kukaanga papa siku ya Jumapili, ati harufu inawatia majirani chuki, na Jumapili hiyo hiyo ukipita kwake unasikia papa tangu barabarani. Akitukataza kubishana bei, na sokoni nilimuona kwa macho yangu kamshika nguru mkia anambishia muuzaji bei kama yuko soko la Darajani, mpaka muuzaji kamtupia samaki amtoke. Kwa Kiswahili akiwacheka Waingereza mpaka machozi, akiwaigiza wanavyokohoa kabla ya kusema uongo. Akiingia Mwingereza chumbani, hata akiwa ni fundi wa bomba, Mkalimani alisimama, mikono kaibana ubavuni, na kile kicheko hukijui kimekwenda wapi. Mama akisema yule mtu anawaogopa kama mtoto anavyomwogopa baba wa kambo. Mie nilisema anawaheshimu. Mama ndiye aliyekuwa na haki.

Maneno yake watu wanayo hadi leo. Mwingereza hakwambii hapana, anakwambia atafikiria. Mwingereza akikwambia fikra yako inapendeza, ibadilishe. Na hili ndilo alilolisema zaidi kuliko yote, kidole juu: mkalimani ni mfereji, na mfereji haunywi maji yanayopita ndani yake. Alikuwa na maana kwamba yeye hapendelei, hapunguzi, haongezi. Tulilipenda sana neno hilo, tukalirudia kwenye maharusi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nimwandike.

Mama alipata kazi katika nyumba ya wazee, upande wa kaskazini wa mji, mabasi mawili kutoka kwetu. Kazi ya kuosha wazee, kuwavisha, kuwalisha. Watoto wa watu wakiona ni kazi ya kujidhalilisha. Mama aliiona ni thawabu. Alikuwa akisema hawa wana watoto na hawana mtu. Alikuwepo bibi mmoja wa Kiingereza, mwepesi kama karatasi, aliyempenda mama hata akawa hali mkononi mwa mwengine. Siku moja asubuhi mama yuko jikoni anamtilia chai, bibi kajaribu kusimama peke yake, kaanguka, kavunja nyonga. Mama hakuwepo chumbani. Wafanyakazi wenziwe wote walijua yuko jikoni. Alisikia kishindo, akakimbia, akapiga magoti sakafuni akamshika kichwa, na alimwambia nini? Alimwambia alichofunzwa. Sori, sori mpenzi, sori. Binti wa yule bibi alipofika mchana, mama kamkuta mlangoni, kamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, sori, sori sana. Akaisema mara ngapi hata mwenyewe hajui. Mswahili gani atamuona mtu kafikwa na asimpe pole? Kwetu ukinyamaza hapo ndiyo watu watakushuku.

Yule binti akaenda kwa mkubwa wa nyumba ile akamwambia mfanyakazi wenu amekiri. Kamwangusha mama yangu, akasema yule binti, na ameniomba radhi kwa mdomo wake.

Wakaitisha kikao. Kwa kuwa mama Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni na mlangoni, walileta mkalimani, na mkalimani wa Kiswahili alikuwa mmoja. Mama alifurahi. Usiku uliotangulia alilala, mie ndiye sikulala. Akaniambia mbona mtu wetu atakuwepo, tena yeye ndiye aliyenifunza neno lenyewe, ataeleza. Niliruhusiwa kukaa karibu naye kwa sharti nisiseme.

Mkubwa wa nyumba akamuuliza mama, ulimwambia nini bibi na ulimwambia nini binti yake. Mama akajibu kwa Kiswahili kizuri, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Alisema, "Niliwapa pole. Sikuomba samahani, kwa sababu sikukosa. Nilikuwa jikoni. Niliwapa pole kwa kufikwa."

Mkalimani akafasiri. Akasema kwamba mama anasema aliwaambia sori, alikuwa jikoni, na anasikitika kwa lililotokea. Basi. Pole imekuwa sori, na samahani nayo, iliyokaa katikati kama mlango, kaiondosha, hakuifasiri kabisa. Yule binti akatikisa kichwa kumtazama mkubwa, kama anayesema si umesikia.

Sikuvumilia. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hayo siyo aliyoyasema, pole siyo kukiri, kwa Kiswahili haya ni maneno mawili. Mkubwa akaniinulia mkono ninyamaze. Lakini alikuwa mtu wa haki kiasi, maana alimgeukia Mkalimani akamuuliza mwenyewe, mbele yetu sote, kama ni kweli maneno hayo ni mbalimbali.

Hapo palikuwa na kazi ya mama, na kubwa kuliko kazi, palikuwa na jina lake. Sentensi moja ilitosha. Mtu aliyesimama mbele ya zulia lake kila Jumamosi kutwambia pole ni sori na samahani ni sori alikuwa anajua kuliko mtu yeyote Landani nzima kwamba kwetu ni maneno mawili. Akakohoa. Kile kikohozi alichokuwa akituigizia. Akasema, kwa ile sauti ya puani, "Kwa Kiswahili sori ni pole. Neno ni hilo hilo."

Nikamwita. Nikamwambia kwa Kiswahili, ami, na samahani je? Hakunitazama. Alinijibu taratibu, macho mezani, kwamba mkalimani hafasiri asichoulizwa.

Mama akafukuzwa kazi. Hawakumpeleka polisi, na wakamtaka ashukuru kwa hilo.

Watu wameniambia mengi ya kumtetea. Kwamba alikuwa hajiamini, kwamba ofisi zile ndizo zilizomlisha, na wakimuona anapendelea watu wake wasingemwita tena. Kwamba mtu aliyewahi kutoka kwao na nguo alizovaa anajifunza kutomwudhi anayemhifadhi. Hayo yote nayafahamu. Ila miaka mingi baadaye mkewe alinisimulia kisa kimoja huku anacheka, hajui kinanigusa vipi. Kigari chao cha sokoni kiliwahi kumponyoka Mkalimani mteremkoni kikakwangua gari ya jirani. Mkewe akafungua mdomo aseme sori, naye akambana mkono: nyamaza, hapa sori kwenye gari ni kutia sahihi, ukishaisema umelipa. Nikamuuliza hiyo ilikuwa lini. Akasema zamani sana, hata nyie hamjaja. Basi alijua tangu hapo. Alijua, akatupigisha foleni ukumbini kutugonga mabega tuizoee, na ncha yake ya kukata hakutuonesha. Mie sikucheka.

Mama alipata kazi ya kusafisha maofisi alfajiri, kabla wenyewe hawajaja, ambako hakuna mtu wa kumwambia chochote. Kazi hakuililia. Alichokililia ni maneno ya watu wetu. Maana sisi nasi, Mungu atusamehe, hatujambo kwa kusengenya. Harusini mwanamke akimuuliza mwenziwe, nyuma ya mkono, ndio yule aliyemwangusha bibi wa Kizungu? Tena si alikiri mwenyewe, na Mkalimani alikuwepo? Ukilisema lako, wanakujibu Mkalimani alikuwepo. Mama akaacha kwenda harusini. Akaacha na sori. Wakimsukuma kwenye treni ya chini ya ardhi alisimama kimya akawatazama, na watu wakimwona mama wa Kiswahili hana adabu.

Alimwendea mara moja tu. Alipiga simu kwanza, kama tulivyofunzwa, akapewa siku na saa, akangoja nje saa yake ifike. Alikwenda kumwambia hivi, nami najua kwa sababu alilifanyia mazoezi mbele yangu: kaka, kazi imekwenda na Mungu ndiye mtoaji, nataka uniombe radhi, na useme mbele za watu kwamba sikukiri. Akarudi mapema. Nikamuuliza kasemaje. Alikuwa anavua viatu, hakuinua uso.

"Kanipa chai," akasema, "kanizungumzia mvua."

Mvua, jamani. Kwa Mzanzibari mwenziwe, kwa mwanamke aliyemwita kaka. Mama kila akitaka kufungua mdomo, yeye kaongeza kwamba wiki ijayo itazidi. Alimfanyia mama alichotufunza kwamba Waingereza humfanyia mtu wasiyetaka kumsikia, na alikifanya barabara kuliko Mwingereza yeyote.

Baada ya hapo mama hakumtaja kwa ubaya. Hilo lilinichoma zaidi. Akisema simdai kitu, neno tu, na neno halimtoi mtu nyama. Niliwahi kumkumbusha ule msemo wa mfereji, nikaukejeli, akanijibu kwamba mfereji haunywi, kweli, lakini ukiziba walioko chini hufa na kiu. Binti yangu alikulia katika hadithi hiyo. Kazaliwa hapa hapa Tottenham, Kiswahili anakisikia kidogo na kujibu hajibu, na mama alimsimulia kwa kile Kiingereza chake cha jikoni, kwamba yuko mzee mmoja ambaye hakuniambia sori. Kwa Kiingereza hakuwa na neno jengine la kusema. Angesemaje?

Mama alifariki kitandani kwake, mwezi wa Machi, bila ya maumivu, nasi wote tupo. Katika siku zake za mwisho aliuliza wageni waliokuja kumtazama ni nani na nani. Nikawataja. Akasubiri kidogo kama kuna jina nimelisahau, kisha akasema, haya basi.

Hitma tuliifanya katika ukumbi karibu na msikiti. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja, na baadaye watu wakakutana mlangoni palipovuliwa viatu kutoa mikono ya tanzia. Mie nilisimama mlangoni na binti yangu. Kila aliyepita alisema pole, nami nikijibu nishapoa, pole, nishapoa, maana ndivyo inavyojibiwa hata kama moyo unawaka. Nikamuona anakuja. Alikuwa amezeeka vibaya, kapinda, anaongozwa na mtoto wa ndugu yake. Watu wakamfungulia njia, maana watu wetu wanapenda mzee aliyewazikia maiti zao. Akasimama mbele yangu. Nikamwamkia, shikamoo ami, akaitikia. Na sauti ilikuwa ile ya kifuani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Kwa yote."

Kwa yote. Nikafikiri huyu leo kaja, mama angekuwepo. Lakini mie ni mtoto wa mwanamke aliyefukuzwa kazi kwa neno hilo, na nilitaka kujua ni lipi. Nikamuuliza mbele ya watu wote wale na viatu vyao mikononi, "Ami, hii ni pole ya msiba, au unamuomba mama radhi?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama maishani. Swali hilo aliwahi kuulizwa na mtu mwengine zamani, mezani, na alikuwa na nafasi ya kulijibu upya, kwa lugha yetu, hapana Mwingereza hata mmoja ukumbini.

"Pole ni pole, mwanangu," akasema.

Basi sikumjibu nishapoa. Nilimwambia, "Sijapoa, ami."

Sijapata kumsikia mtu akijibu hivyo msibani, wala sikujua kama ninalo jibu hilo mdomoni. Shangazi mmoja nyuma yangu aliniambia nimche Mungu. Mkalimani alibaki amesimama, mkono bado kaunyosha. Hakuweza kuondoka. Pole isiyojibiwa mtu haondoki nayo. Ningemwacha hapo hadi jioni.

Binti yangu ndiye aliyeona haya. Msichana mwenye adabu, hakuna anayemlaumu. Katika maneno yetu alilishika moja tu, pole, na pole anajua ni sori, maana huyo huyo mzee ndiye aliyewafunza waliomfunza. Alimuona yule mzee ambaye bibi yake alimngoja maisha yake yote, amekuja mwenyewe, kapinda, na sori yake mkononi, na mie mama yake namkatalia. Akanipita, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwa Kiingereza kwamba haidhuru, asijali, yamekwisha.

Mkalimani alimtazama. Alielewa mtoto kafahamu nini na kakosea wapi. Hapana mtu duniani ambaye angeelewa haraka kuliko yeye. Nilimngoja amsahihishe. Akakohoa, akamshukuru kwa sauti ile ya puani, akaenda kutafuta viatu vyake.